Papa Donat Akataa Kutoa Nchi

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025. Mvua nyembamba tangu alfajiri, bila upepo. Jioni ilikoma kidogo, kisha ikaendelea.

Siku hiyo kikundi cha maombi cha Waswahili wa Kongo wanaoishi Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, kilitimiza miaka ishirini, na papa Donat Kabamba alitimiza miaka ishirini ya kukiongoza. Kesho yake, baada ya ibada, kulikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza.

Papa Donat alizaliwa Likasi, mtoto wa fundi wa reli. Alikuja Brussels mwaka 1989 kusomea uhasibu, akausomea kwa mwaka mmoja na nusu, kisha akaanza kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja huko Jette. Kazi hiyo anaifanya mpaka leo, na hajawahi kumgonga mgonjwa ukutani. Hilo hulisema mwenyewe. Jambo lingine alisemalo ni kwamba yeye ndiye Mswahili wa kwanza kukanyaga Saint-Gilles. Ukimsikiliza kwa muda mrefu utadhani hata Wabelgiji walimkuta.

Si uongo mtupu. Wengi waliotoka Lubumbashi, Bukavu na Goma walipokelewa naye kwenye stesheni ya treni ya Gare du Midi. Aliwabebea mizigo, akawapeleka kwenye commune, ofisi ya serikali ya mtaa, kujiandikisha, akawaonyesha duka la unga wa fufu, akawalaza kwenye sofa lake. Halafu akawakumbusha. Aliwakumbusha kwenye ubatizo wa watoto wao, aliwakumbusha kwenye harusi, na mara moja kwenye mazishi, ambapo aliyekumbushwa alikuwa tayari ndani ya sanduku.

Hervé alikuwa mmoja wa hao waliobebewa. Alifika kutoka Goma akiwa na valise moja, begi la safari lililofungwa kwa kamba. Sasa ana ofisi karibu na Porte de Namur, ana koti refu la sufu, na hawezi kumaliza sentensi tatu bila kutaja maendeleo. Alitaka uenyekiti na hakuficha.

Mchezo wa sherehe uliandikwa na Abigaël, mwalimu wa watoto wa Jumapili. Kwa kuwa wazee wengi wa kikundi walibatizwa katika misheni ya Wamarekani, alichagua maisha ya walowezi wa kwanza wa Marekani: kapteni wa msafara, askari wa ngome, mhubiri juu ya farasi, na mwanamke mwandishi aliyepiga vita pombe. Kugawa nafasi kulileta maneno. Wahubiri walijitokeza watatu kwa farasi mmoja, ikabidi wote wapewe. Maman Pétronille, mwenye baa, alidai nafasi ya mpinga pombe na akaifanyia mazoezi kwa moyo wote, maana vilabu alivyovilaani vilikuwa vya watu wengine. Hervé akapata ukapteni. Hakuna aliyetaka kuwa mkulima. Na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa Mhindi Mwekundu. Watu ambao babu zao walifukuzwa mashambani mwao na Wabelgiji walieleza, mmoja baada ya mwingine, kwamba sura zao zinafaa zaidi ulowezi.

Abigaël akauliza ni nani kati yao aliyefika wa kwanza. Wote wakamgeukia papa Donat. Alikuwa amewafundisha jibu hilo kwa miaka mingi.

Nafasi ya chifu wa wenyeji ilikuwa na maneno machache: awakaribishe wageni, aseme nchi ni kubwa, amkabidhi kapteni mkuki wake, kisha atoke kwa mlango wa jikoni. Papa Donat alielewa upesi. Jioni ya kuamkia kura, mbele ya ukumbi mzima, amkabidhi Hervé mkuki na kuingia jikoni. Nani angempigia kura mtu aliyemwona akiingia jikoni? Lakini kuikataa nafasi kulikuwa sawa na kukiri kwamba hakufika wa kwanza. Akakubali.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Papa Donat alikaa jukwaani, manyoya kichwani, nyuma ya meza aliyoileta mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza chifu ana haja gani na meza. Msafara ukaingia ukisukuma kigari cha mtoto kilichofunikwa shuka, Hervé mbele na kofia pana, akasema wametoka mbali na wanaomba ardhi.

Chifu hakusimama.

"Bon," akasema. "Bapapiers iko?"

Watu wakacheka, kwa kuwa hilo swali la karatasi kila mmoja alikwisha kuulizwa. Hervé naye akacheka, akaeleza kwamba wao ni walowezi, ni Mungu amewatuma.

"Mungu anakujua. Commune haikujue. Ile barua ya Mungu iko na cachet, ule muhuri wa mviringo?"

Kuanzia hapo hakuwaachia nafasi ya kupumua. Alidai mkataba wa nyumba. Walipomwonyesha kigari, akauliza polisi wa mtaa akija kuhakikisha kama wanaishi humo, atasoma jina lao kwenye kengele ipi. Askari aliulizwa kibali cha kazi, wahubiri wakaulizwa chanjo ya farasi, na maman Pétronille akaulizwa kama amemaliza masomo ya lugha. Ukumbi ulikuwa ukivunjika mbavu kwa kicheko. Maman Kasoki, aliyesubiri karatasi zake miaka tisa, alicheka mpaka jirani yake akampa kitambaa, na alipokipokea hakuwa akicheka tena.

Hervé akainama mezani.

"Papa Donat, sema ile phrase ya nchi ni kubwa, tuendelee."

"Njo ninaisema. Karibuni. Murudie lundi, na photo mbili."

Angeishia hapo, kwenye hiyo Jumatatu na picha mbili, uenyekiti ungekuwa wake. Hata wapiga debe wa Hervé walikuwa wakimshangilia. Lakini papa Donat hajawahi kuishia popote. Aliinuka, akavua manyoya, akaacha kuwa chifu.

"Na weye, Hervé, ku Gare du Midi nani alikupokea? Valise yako nani aliibeba?"

Makofi yakakatika. Watu wakaangalia viatu vyao, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na valise yake. Hervé alivua kofia, akaiweka mezani taratibu.

"Ni weye, papa. Ile valise uliibeba siku moja. Siye tunakubeba weye tangu ile siku."

Hakupaza sauti. Aliwatangazia watu kwamba kuna kanisa huko Jette lililokubali kuwaazima ukumbi, na kwamba anayetaka kuomba bila kukumbushwa aje huko kesho. Kisha akageuza kigari. Msafara ukatoka kwa mlango mkubwa, kwenye mvua, wahubiri wakiwa wamesahau farasi. Nyuma yao watazamaji wakafuata safu kwa safu, na masufuria ya chakula cha sherehe mikononi. Maman Pétronille aliyekuwa wa mwisho alieleza mlangoni kwamba yeye hana upande, anaifuata sufuria yake.

Papa Donat alibaki na nchi yote. Alishika mkuki, akamwambia maman Kasoki asiwe na wasiwasi, watarudi.

"Kule Jette, nani atabapokea?"

Maman Kasoki alikuwa akikusanya vikombe.

Asubuhi iliyofuata papa Donat alifungua ukumbi mapema na kupanga viti vyote. Walikuja watu wanne. Akawaomba wakae mbalimbali ili pasionekane patupu, akaongoza ibada bila kuruka wimbo hata mmoja, kisha akaitisha uchaguzi. Mikono iliinuliwa yote. Papa Donat aliihesabu mara mbili.