Udi Ndani ya Camaro

Muatasim ana miaka arubaini na sita, ameajiriwa idara ya maji, na kila jioni huvuka milima kurudi nyumbani kwake Al Amerat kwa mwendo wa bibi harusi. Watu wakiambiwa mpole huyo ana Camaro ya mwaka sitini na tisa, injini ya silinda nane inayotikisa madirisha ya majirani, hucheka wakidhani ni mzaha. Aliinunua ikiwa bodi tupu iliyoliwa na kutu, akaifufua mwenyewe. Mama yake, Bi Khole, mzaliwa wa Unguja mwenye ulimi usio na breki, husema mwanawe ameoa bati.

Utani huo una chembe ya uchungu. Mama wa watu amezeeka, na kila Ijumaa mtoto yuko uvunguni mwa gari.

Majuzi aliipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani, karibu na Bandari ya Sultan Qaboos. Watu waliizunguka, wakaipiga picha, wakaisifu mpaka mwenyewe akaona haya. Bi Khole alipoonyeshwa picha hakufurahi hata kidogo. Macho yote yale, nani aliyesema mashallah?

Ijumaa iliyofuata Muatasim alikuwa akibadilisha mpira wa petroli. Akaacha beseni limekinga chini ya gari, akaingia ndani kunawa mikono. Uzembe gani huo! Mtu anayesafisha taa kwa pamba za masikio, anaacha petroli wazi.

Alipotoka alisikia harufu mbili: petroli na udi.

Bi Khole alikuwa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje, makubadhi yake karibu yaguse beseni. Alikuwa amepakata chetezo, anasoma sura ya Falaki ya kukinga husuda na kupuliza makaa. Cheche ziliruka. Muatasim alitaka kupiga kelele, akajizuia, maana mama huyu hata mlango ukigongwa hushtuka. Akishtuka, makaa yataanguka.

"Mama," alisema taratibu, "nipe hicho chetezo."

"Ngoja nimalize. Nnamtoa mkeo jicho la watu."

Akapuliza tena. Muatasim alimfikia, akakibeba chetezo kwa mikono mitupu, akakimbia nacho mpaka nje ya geti, akakitupa kwenye changarawe. Kilivunjika vipande.

"Chetezo cha marehemu mama yangu!" Bi Khole alimfuata akilia. "Kimetoka Unguja kizima, uje kukivunja wewe? Kwa kuwa moshi utachafua viti? Nilikuwa nikikutania, baba. Kumbe kweli hilo bati unalipenda kuliko mimi!"

Muatasim alikaa chini pale pale barabarani. Akanyoosha kidole kuelekea uvunguni mwa gari.

Bi Khole aligeuka, akaliona beseni. Akanusa. Akauvuta mtandio wake mdomoni. Kisha akaviona viganja vya Muatasim, vimeshaanza kuvimba malengelenge.

"Ya Rabi," alinong'ona. "Na gari lako lote lingeteketea."

Muatasim alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua.

"Gari gani, mama?" aliuliza, na wala hakuwa anafanya mzaha.