Siku Clare Aliyorudi kwa Miguu

Muhonja alibeba watoto wa shule mtaani Donholm, Nairobi, kwa kigari chake cheupe, na katika wote, aliyemnyima usingizi ni Clare. Mtoto huyo wa miaka minane hakuwa akiongea, wala hakukubali kupanda gari jingine. Siku moja dereva mwingine alipojaribu kumchukua, alichomoka mkononi mwake akakimbilia barabara kuu. Mungu tu ndiye aliyemwokoa.

Basi jiwe lililorushwa na lori lilipopasua kioo cha mbele, Muhonja alikwenda asubuhi kwa fundi Nyamai, aliyefanya kazi peke yake mtaa wa Baba Dogo. Alitumaini kumaliza kabla watoto hawajatoka shuleni.

Nyamai alipitisha waya pembeni mwa kioo, akaivuta taratibu mpaka gundi kuukuu ikaachia. Alipokitoa kioo, akainama kutazama fremu, kisha akaguna.

"Kuna nini, fundi?"

"Kutu, madam. Imekula huku chini. Lazima nikwangue, nipake rangi ikauke, ndiyo niweke kioo. Halafu gundi nayo ishike. Hili gari halitoki leo."

"Bandika tu! Kuna mtoto ananingoja."

"Gari likigongwa kidogo, kioo kitachomoka. Utambeba huyo mtoto hivyo?"

Muhonja akawapigia wazazi wa watoto wengine waende kuwachukua wenyewe. Simu ya Owuor, babake Clare, ilikuwa imezimwa. Kiwandani alikofanya kazi hawakuruhusiwa simu.

Nyamai alimwita jirani yake Luseno, mchomeleaji, amkimbize shuleni kwa pikapu. Barabara ya Outer Ring ilikuwa imefungana kwa magari. Muhonja akawa anaomba kwa Kilogooli, lugha ya kwao, midomo ikimcheza.

Alipofika, lango lilikuwa wazi, watoto wametawanyika. Mwalimu wa zamu akashtuka: "Clare? Si alikuwa hapa sasa hivi!"

Muhonja akazunguka ukuta wa shule mbio, akiita jina ambalo mwenyewe hakuwahi kuliitikia. Akamkuta nyuma ya kibanda cha mboga, pale Muhonja alipozoea kuegesha gari. Mama mboga alikuwa amesimama upande wa barabara, mikono ameitanua kama anayezuia mbuzi.

"Amekataa kutoka hapa," akasema. "Nami nimekataa apite."

Muhonja akachuchumaa. "Gari ni gonjwa, mama. Leo tutatembea."

Clare alitazama pikapu ya Luseno iliyosimama kando, akarudi nyuma hatua. Akatazama viatu vya Muhonja. Kisha, polepole, akamshika kidole kimoja.

Walitembea hadi nyumbani, Muhonja upande wa magari, kila honi ikimpasua moyo. Alipomkabidhi kwa babake, aliyekuwa ametoka kazini, alikaa ngazini akalia.

Kesho yake Nyamai alileta gari mwenyewe. "Usibamize milango leo," akamwonya, "gundi bado changa, kishindo kitakisogeza kioo."

Clare akapanda bila shida. Muhonja akaendesha polepole, masikio yote kwenye kile kioo.