Mpiga Picha na Ndege za Kivita

Mpiga picha wetu wa Moshi, aliyepiga picha za harusi zetu hadi mji wa Mkuu, alikuja Uingereza mwaka 1969 kutibiwa mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa nikisomea uuguzi huko, nikawa mwenyeji wake. Daktari alisema jicho limepona, lakini yeye hakuthubutu kupiga picha. Kila asubuhi aliipulizia lenzi, akaipangusa kwa ncha ya shati, akairudisha kamera mkobani. Jumamosi moja kambi ya jeshi la anga ilifunguliwa kwa wananchi, nikampeleka kuona ndege za kivita. Zilizoegeshwa alizizunguka polepole, mikono nyuma, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Kisha moja ikaruka, ikageuka, ikatujia chini kwa kishindo. Watu waliziba masikio. Yeye alikuwa ameshaitoa kamera. Aliifuata ile ndege kwa mwili mzima, na kwa sauti ileile ya upole aliyowatulizia maharusi nikamsikia akiibembeleza: "Tulia, mama. Tulia hapo hapo." Akafyatua.

Picha iliposafishwa dukani ilionyesha anga tupu, na pembeni kabisa kipande cha mkia.

"Pole, baba," nikamwambia.

"Pole ya nini, Dominika?" Aliisogeza karibu na uso, akacheka hadi mwenye duka akageuka. "Hebu ona, hata misumari ya mkia inahesabika! Jicho linaona, mwanangu. Mkono ndio umechelewa, na mkono hufundishika. Muulize kama ana filamu nyingine."