Mke Mwenzangu na Makopo Yangu

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa nyumbani tu, kidato cha pili kichwani na jembe mkononi. Kisha likaja agizo la kuhamia vijiji vya ujamaa. Hapa ukingoni mwa Tarime, ambapo leo mnaona mabati, palikuwa malisho ya ng'ombe. Tukapangwa kwa mistari kama wanafunzi. Vyombo vyangu vilibaki mvuani kule tulikotoka, vikapotea. Tangu hapo sikutupa kitu: makopo, magunia, chupa, hata kandambili ya mguu mmoja. Sabuni na sukari zilipoadimika dukani, nikajiona ndiye mwenye akili kijiji kizima.

Kwetu kila mke ana nyumba yake. Ya Robi, mke mwenzangu mdogo, ilifagiliwa ikang'aa, na wageni wote walikaa kwake. Nilimwonea wivu. Halafu binti yangu Bhoke akakunja mkeka wake.

"Mama, kwako hakuna pa kunyoosha miguu. Nalala kwa mama mdogo."

Mimi nikabaki nalala nimekaa, nimeegemea magunia. Panya akanitafuna kidole. Mguu ukavimba, ukatoa usaha, ukanuka. Aliyenisikia nikiweweseka ni Robi. Akanibeba mgongoni hadi zahanati. Homa inanichoma, nami nawaza: hata mgongo anao mzuri!

Mganga aliosha kidonda, akauliza habari za nyumbani.

"Mama, mguu una dawa. Hayo makopo nayo ni ugonjwa, ila hayana sindano. Toa kidogo kidogo kila asubuhi, kwa mkono wako, na mtu akae nawe."

"Mtu yeyote, ila si huyu."

"Huyu huyu."

Basi Robi akawa anakuja. Kila kopo lilipotoka nililifuata hadi mlangoni.

"Mkubwa, na hili ni urithi?"

"Usilipeleke kwako!"

"Nikaweke nini humo, wivu wako? Hautaenea."

Nikacheka hadi kidonda kikauma.

Sakafu ilipoonekana, Bhoke alirudi na mkeka wake bila kuitwa. Namshukuru Mungu, na mganga, na Robi pia, shingo upande. Nawe uliyejificha nyuma ya magunia, mwite yule unayemwonea wivu. Yeye makopo yako hayataki. Mimi bado nikiona gunia tupu mkono unaniwasha, namwita Robi.

Juzi alisimama mlangoni pangu. "Nyumba yangu imekuwa kimya. Bhoke hawezi kulala kwangu hata leo tu?"

Nikamwambia atazoea. Mwacheni, naye augue kidogo.