Mkurugenzi Asiyejua Kukoroga

Kampuni yetu ya sabuni ina historia mbili. Ya kwanza niliitunga mimi, kurasa mbili, ikachapwa steshenari pale Chanika ya Handeni, na nilikuwa naisoma kwa sauti huku nanyoa ndevu. Ilisema kampuni ilianzishwa na "mtafiti mzawa wa Handeni aliyeguswa na hali ya usafi katika taasisi zetu." Mtafiti huyo ni mimi. Utafiti wangu mkubwa hadi wakati huo ulikuwa kutafuta madumu matupu yasiyovuja.

Aliyekuwa anatengeneza sabuni ni mama mkwe wangu. Alikuwa akiishi Kilole, akifagia wodi ya wazazi kwenye hospitali moja upande wa Korogwe mpaka akastaafu. Huko ndiko alikojifunza kuchanganya sabuni ya maji, maana ya kununuliwa haikutosha. Alipohamia kwetu akaanza kukoroga uani, na mke wangu akawa anauza. Mimi niliingia baadaye na mhuri. Naam, mhuri ndio mchango wangu, pamoja na cheo cha mkurugenzi nilichojipa bila kikao.

Sasa, mkwe ni mkwe. Kwetu Wazigua, na kwao Wasambaa vilevile, mwanaume hakai na mama mkwe wake akamkodolea macho. Akiwa uani, kanga kaifunga kiunoni na jasho linamtoka, mimi napitia mbele. Salamu naitoa nyuma ya ukuta: "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi. Kwa hiyo sabuni niliyoizungusha mashuleni mpaka Hale, nikiisifia hadi povu linanitoka mimi, sikuwahi kuiona ikitengenezwa hata siku moja. Ningeweza kumuuliza mke wangu, lakini mkurugenzi anaulizaje?

Yule mama alitaka jambo moja tu, na alimwambia binti yake, si mimi: sabuni yake iingie kwenye hospitali ile aliyoifagia. Hospitali ilipotangaza kwamba inatafuta wa kuiuzia sabuni, nikapeleka maombi pamoja na historia yangu. Wakajibu kwamba watakuja kuona. Siku ya ugeni mama mkwe alifagia uwanja mara mbili kabla ya chai.

Wakaja wawili, matroni na bwana wa manunuzi. Mimi nimevaa koti jeupe la maabara, nimeliazima kwa mwalimu wa sayansi, mikono yake imeishia kwenye viwiko vyangu. Mama mkwe, kwa heshima zake, alijifungia jikoni. Bwana wa manunuzi akaikunjua karatasi yangu, akasema, "Haya mtafiti, hebu tuone unavyochanganya."

Jamani! Ndoo ilikuwa pale, imeshachanganywa, imebaki chumvi tu. Nilishasikia kwamba chumvi ndiyo inayoipa sabuni uzito. Nikatia bakuli moja, nikakoroga, ikawa nzito kama uji. Wageni wakatazamana, wameridhika. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana hadi leo. Lakini sifa zikanipanda kichwani, nikatia bakuli la pili. Sabuni ikageuka maji matupu mbele ya macho yetu. Nikaongeza nguvu za kukoroga, kana kwamba shida ni uvivu wangu.

Matroni akachungulia ndoo. "Ndivyo inavyokuwa?"

"Inapumzika kwanza," nikasema.

Sauti ikatoka jikoni: "Mwambieni mkwe wangu aache huo mwiko."

Akatoka mwenyewe, kabeba dumu la sabuni ambayo haijatiwa chumvi. Nikageukia ukuta, nusu kwa heshima, nusu kwa aibu. Nilisikia tu sabuni ikimiminwa na mwiko ukizunguka taratibu. Nilipogeuka, sabuni ilikuwa imerudi kuwa nzito, na matroni alikuwa amepiga goti.

"Shikamoo mama! Si wewe uliyekuwa wodi ya wazazi, mimi nilipokuja nikiwa mwanafunzi?"

"Marahaba mwanangu. Umekuwa mkubwa."

Wakashikana mikono, hawaachiani. Kisha matroni akaichukua ile karatasi, akaisoma yote, akaigeuza nyuma, akaniangalia. "Mbona humu mama hayumo?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na koti langu fupi. Mama mkwe hakunitazama. "Huyo ndiye mwenye kampuni," alisema. "Mimi nakoroga tu."

Kazi tulipewa. Lakini lile neno lake la kunisitiri liliniuma wiki nzima. Kofi lingekuwa nafuu. Yaani nimemfuta mtu kwenye jasho lake mwenyewe, naye mbele za watu ananifunika nisiumbuke!

Jumapili nikaandika historia ya pili, nikasimama nyuma ya ukuta nikamsomea. Nilimjaza sifa humo: mwasisi, mvumbuzi, nguzo. Mwiko ukasimama.

"Mama," nikasema, "nimekukosea sana. Nisamehe."

"Yameisha, baba. Ila hayo ya mvumbuzi yatoe."

"Sasa niandike nini?"

Mwiko ukaanza kuzunguka tena, taratibu.

"Andika nilifagia wodi ya wazazi," alisema. "Andika haikuwahi kunuka."

Nikaandika hivyohivyo.