Tuliposhindania Ukoko

Nakumbuka Jumamosi moja kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, marehemu mume wangu anisamehe. Mwanangu, uliponiambia kwamba mabweni ya chuo chenu yanashindana kupunguza matumizi ya umeme, ukacheka kama unayesimulia jambo la kitoto, mimi sikucheka. Mashindano kama hayo ndiyo yaliyonifanya mwalimu.

Nilikuwa nasomea ualimu katika chuo cha wasichana, huku huku Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mafuta yaliadimika, jenereta ikanyamaza, tukarudi kwenye kandili. Mlezi wetu wa mabweni, Bi. Rukia, alitueleza waziwazi kwamba mafuta ya taa yakiisha kabla ya mtihani, chuo kitafungwa na kila mtu atarudi kwao. Kwetu Saadani posa yangu ilikuwa imeshaletwa, na baba alikuwa amesema nikirudi bila cheti naolewa.

Bi. Rukia aliyajua matumbo yetu. Kila Jumamosi aligawia kila bweni dumu la mafuta, na Jumamosi iliyofuata bweni lililobakiza mengi lilikula ukoko wa wali wa nazi. Usicheke tena. Kwa wasichana waliokula ugali na maharage wiki nzima, ukoko ulioiva vizuri ulikuwa unagombanisha mtu na shoga yake.

Bweni letu liliitwa Kaole, wapinzani wetu Kiwangwa. Mwanzoni tulibana mafuta kwa kununiana. Mimi nilikuwa mzito wa hesabu, wenzangu wakifunga vitabu bado nahitaji taa, wakaanza kuninung'unikia, na haki walikuwa nayo. Aliyetuondoa hapo ni kiongozi wetu wa bweni, Mwanaidi, binti wa mjini mwenye ulimi mkali na roho nyeupe.

"Utotoni, kwa maalimu wa Kurani, mlikuwa mnakaa wangapi kwenye taa moja?" alituuliza. "Leo kila malkia na kandili yake?"

Akatandika mkeka katikati ya bweni, akaweka kandili moja, nyingine zote akazizima. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasikiliza na kuulizana, kama tulivyozoea tangu wadogo. Pale mkekani sikuwa na pa kujificha. Nikikwama, bweni zima linasimama kuningoja, huyu ananieleza hivi na yule vile, mpaka inaingia. Nashukuru mpaka leo. Tukawa tunashinda, Kiwangwa wakatubandika jina la Popo, kisha nao wakatandika mkeka wao kimyakimya.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani madumu yalikuwa sawa kwa sawa. Ijumaa, baada ya swala ya Isha, hesabu za sehemu zilikuwa bado zinanipiga chenga. Nilifunga kitabu nikasema nimeelewa, nisije nikawakosesha wenzangu ushindi. Mwanaidi alinitazama, akainua utambi.

"Ukoko utapikwa tena," alisema. "Fungua kitabu, mwenzetu."

Hakuna aliyeguna. Walikaa na mimi mpaka nikazifanya peke yangu.

Kesho yake Kiwangwa walishinda, wakaimba uwanja mzima. Halafu mmoja wao akatuletea sahani, nusu ya ukoko wao. "Kuleni, Popo, mpate macho ya mtihani." Nilikula huku nalia, wakadhani ni pilipili.

Nilifaulu. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na Mwanaidi, aliyekwishatangulia mbele ya haki, sikosi kumwombea.

Basi shindaneni, mwanangu, tena kwa furaha na utani. Zima taa ya chumba kisicho na mtu, zima feni unapotoka, someni pamoja mnapoweza. Lakini mkimwona mmoja wenu bado anahangaika na kitabu chake, msimwone ndiye anayewaangusha. Mafuta tuliyoyabana muhula mzima, mwisho wake yalikuwa ya mtu kama huyo.

Mwenyezi Mungu akujaalie wenzio kama wangu, na akujaalie wewe uwe mwenzake mtu kama walivyokuwa kwangu. Amina.