Kaseti ya Koko na Moto wa Watu wa Posta

Tarehe 21 Oktoba 2007, siku ya Jumapili, mama yangu alipoteza nafasi ya mwisho ya kuzungumza na mama yake. Hakujua kama ameipoteza. Saa hiyo tulikuwa Handsworth, huku Ulaya, tunajitayarisha kwenda kanisani, yeye ananimalizia kunisuka, akiniambia nisitikise kichwa.

Sasa mama naye hayupo. Mwezi uliopita nilikuwa natoa vitu vyake kabatini, nikakuta kaseti saba zimefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Sikuwa na redio ya kuzichezea. Nilikaa kwenye zulia nikazishika tu.

Nyanya yangu tulimwita koko. Kijiji chake kilikuwa milimani juu ya Uvira, mtandao wa simu haukufika, na hakujua kuandika. Kwa hiyo alisema maneno yake ndani ya kaseti, mjomba akashuka nayo mjini, na baada ya wiki tatu au nne mleta barua akaiingiza mlangoni kwetu. Siku hiyo televisheni haikuwashwa. Mama alipika ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, tukala, tukanawa, ndipo akabonyeza redio ya kaseti. Kwanza ungesikia jogoo, mtu anatwanga, mvua inapiga bati. Halafu koko anatusalimia mmoja mmoja, hata jirani yetu Mkenya ambaye hakuwahi kumwona. Nyumba ile ilikuwa na baridi na ukungu ukutani. Natamani kurudi humo hata kwa saa moja.

Septemba ya mwaka ule mjomba alipiga simu kutoka mjini. Koko anaumwa, kaseti ameshaituma. Kilichomo hakukisema, kwa kuwa kwetu anayebeba kaseti hatangulii kusema maneno ya mwenyewe. Kisha akarudi milimani.

Halafu posta wakagoma. Jirani yetu yule Mkenya, nesi, aliingia jikoni bado amevaa sare.

"Dada, hii nchi nilidhani ni Ulaya! Juzi basi hakuna, takataka ziko nje wiki ya pili, sasa barua. Karatasi zangu za kazi ziko huko ndani. Na hawa watu wanalipwa!"

"Kaa kwanza, unywe chai," mama akasema.

"Chai nitakunywa, lakini hasira sitoi."

Wakacheka. Lakini kesho yake, tukiwa ndani ya basi, mama aliona watu wa posta wamesimama kwenye lango lao, wamezunguka moto ndani ya pipa la chuma, mikono wameikunja, hawasemi. Akanishika goti.

"Bale bamefiwa," akasema.

"Mama, ni mgomo. Wamegoma."

"Mutu akigoma anakaa kwake. Kwetu walimu waligoma mwaka muzima, uliona nani njiani? Watu wanaota moto inje pamoja, hiyo ni kilio. Ndiyo maana barua haifiki."

Nilikuwa na miaka kumi. Sikubishana tena.

Ijumaa, siku mbili kabla ya ile Jumapili, alijaza chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa, akakaanga mandazi, akajifunga kitenge juu ya koti. Alinichukua nikamtafsirie. Alimpa kila mmoja mkono, taratibu, kama inavyotakiwa kwenye msiba, akawamiminia chai. Walishangaa, lakini walikunywa. Mmoja alikuwa Singasinga mwenye ndevu nyeupe, mleta barua wa mtaa wetu. Alitutambua.

"Unasubiri ile ya Afrika?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Mwambie mama yako azunguke nyuma. Kuna dirisha, msimamizi yupo. Aonyeshe kitambulisho, watamtafutia. Jana watu wamepata."

Mama alikuwa ameanza kuimba wimbo wa maombolezo, kwa sauti ya chini, macho amefumba. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, wasichana wawili wa darasa langu walikuwa wanatuangalia na kucheka.

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

"Anasema asante kwa chai. Twende."

"Na kaseti, hukumuuliza?"

"Anasema tungoje."

Mama akaitika. Hakusisitiza, kwa sababu kwetu anayekuja kwenye kilio haombi kitu. Tukarudi nyumbani. Nilitembea mbele yake ili wale wasichana wasijue niko naye.

Kaseti ilifika Alhamisi iliyofuata. Tulikula, tukanawa, mama akabonyeza. Sauti ya koko ilikuwa nyembamba, anapumzika kila baada ya maneno machache. Alisema, mwanangu, Jumapili ya tarehe ishirini na moja mwezi wa kumi watanibeba mpaka kwenye kilima chenye mtandao. Akataja namba ya simu, polepole, mara mbili. Nipigie saa nne ya asubuhi. Nina neno lako, silisemi mbele ya watu wa kaseti.

Mama alisimamisha kaseti. Aliangalia kalenda ya kanisa ukutani, akapiga ile namba hata hivyo. Haikuita. Akapiga tena mpaka nikalala kwenye kochi.

Jumamosi mjomba alipiga kutoka mjini. Koko alikufa Jumatano, wameshamzika. Ile Jumapili alikaa kilimani tangu asubuhi, simu ameishika kwa mikono miwili, akakataa kushushwa mpaka jua likazama. Mjomba alisema kwa ukali, nilimsikia kutoka nilipokaa. Kwa nini hukupiga?

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mama alikuwa karibu nami kiasi kwamba goti lake liligusa langu.

"Usikasirikie watu wa posta, kaka," akamwambia. "Nabo walikuwa wamefiwa. Niliwaona."